Statini kabla ya operesheni ya moyo: maswali mnayoniuliza kila wiki

Mi ni mfamasia, nina duka la dawa Dar, na kabla ya duka nilikaa miaka kadhaa kwenye famasia ya hospitali, kazi yangu ikiwa kukagua dawa za wagonjwa wanaosubiri kuingia theatre. Watu wanaokwenda kufunguliwa kifua wanapita kwangu na cheti mkononi, au ndugu zao wananitumia meseji usiku, na maswali ya statini yanafanana mno, nimechoka kuandika jibu lilelile kwa vidole viwili kwenye simu. Nimeyakusanya hapa. Daktari wako ana faili lako, mi sina, kwa hiyo tukipishana msikilize yeye, ila muulize, usikae kimya.

Kwanza hizi statini ndo dawa gani?

Ni zile mnazoziita dawa za kolesteroli, au dawa za mafuta kwenye damu. Angalia jina dogo kwenye boksi, sio lile kubwa la kampuni: atorvastatini, rosuvastatini, simvastatini, pravastatini, zote zinaishia hivyohivyo. Kazi yake kuu iko kwenye ini, zinazuia kimeng'enya kinachotengeneza kolesteroli, ini likikosa ya kutengeneza linaanza kuivuta ile iliyoko kwenye damu, ndo maana kipimo cha LDL, ile kolesteroli mbaya, kinashuka.

Aliyeigundua ya kwanza ni Mjapani, Akira Endo, miaka ya 1970, baada ya kupekua kuvu za maelfu akaipata kwenye kuvu iliyoota kwenye mchele. Ukungu wa mchele, yaani kile ambacho mama angekimwaga jalalani. Ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa Marekani ni lovastatini, mwaka 1987.

Mbona ni dawa ya mafuta, inahusiana nini na inflamesheni?

Inflamesheni ni mwili kujiwasha. Ukichomwa na mwiba mguuni panakuwa pekundu, pa moto, panavimba, panauma, hiyo ndo yenyewe. Sasa ile njia ambayo statini inaifunga kwenye ini haitoi kolesteroli peke yake, inatoa pia vitu vingine vidogovidogo ambavyo seli za kinga zinavitumia kupeana ishara za kuwaka. Ukiifunga njia, ishara nazo zinapungua.

Hili sio nadharia tupu. Kuna utafiti mkubwa uliotoka 2008 unaitwa JUPITER, watu 17,802 ambao LDL yao haikuwa mbaya ila kipimo chao cha CRP, kile kinachoonyesha mwili unawaka, kilikuwa juu. Waliomeza rosuvastatini miligramu 20, CRP ilishuka kwa asilimia 37 na LDL kwa asilimia 50, na mshtuko wa moyo na kiharusi vikapungua. Kwa hiyo anayekwambia statini inapoza inflamesheni hajadanganya. Ugomvi uko pengine, tutaufikia.

Operesheni ya moyo inauwashaje mwili, si wanakata tu na kushona?

Hapa nitakaa kidogo, maana asiyeelewa hapa hawezi kuelewa kwa nini watu walipata wazo la statini.

Operesheni nyingi za moyo, moyo unasimamishwa. Unasimama kabisa, umelala pale kama kipande cha nyama. Damu inatolewa mwilini kwa mipira mikubwa, inapita kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, inapewa oksijeni, inarudishwa. Mashine hiyo ilifanikiwa kwa binadamu mara ya kwanza Mei 1953, Philadelphia, mikononi mwa John Gibbon. Mi niliwahi kuruhusiwa kusimama pembeni mara moja nikaiona, damu nyeusinyeusi inaingia upande mmoja wa lile boksi la plastiki, upande wa pili inatoka nyekundu inang'aa, na anayeiendesha haondoi macho pale hata sekunde moja, hata kupiga chafya anaogopa.

Sasa damu haijazoea plastiki. Imezoea ukuta laini wa mshipa. Ikigusa mipira ile inajua imevamiwa, chembe nyeupe zinaamka, protini za kinga zinaanza kuitana, kemikali za kuwasha kama IL-6 zinamwagika kwenye damu. Juu yake kuna moyo wenyewe, ulinyimwa damu kwa saa moja au zaidi halafu ghafla inafunguliwa, na hiyo damu inayorudi kwa kishindo nayo inaunguza. Ongeza kidonda cha kifua, ongeza damu ya kuongezewa. CRP ambayo kwa mtu mzima wa afya huwa chini ya miligramu 3 kwa lita ya damu inaweza kupanda ikapita 100, kilele siku ya pili au ya tatu. Kwa wengi moto huo unazimika wenyewe. Kwa wengine ndo chanzo cha figo kuchoka, mapafu kujaa maji, na moyo kuanza kudunda ovyo ile hali madaktari wanaiita AF, vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga.

Basi si wazo zuri, mtu ameze statini siku chache kabla, aingie kwa mashine tayari amepozwa?

Ni wazo zuri. Ndo shida yake.

Na mwanzoni lilionekana linafanya kazi. Mwaka 2006 Waitaliano wa Rome walitoa utafiti unaitwa ARMYDA-3, wagonjwa 200, nusu walipewa atorvastatini miligramu 40 kila siku kuanzia siku saba kabla ya operesheni, nusu kidonge kitupu. Waliopata AF kwenye kundi la statini ni asilimia 35, kwenye kidonge kitupu asilimia 57. Tofauti kubwa hiyo. Zikafuata tafiti nyingine ndogondogo, watu 40 huku, 100 kule, nyingi zikaelekea hukohuko, wakaja watu wa kujumlisha wakazijumlisha na jibu likatoka tamu. Baadhi ya hospitali zikaanza kuwapa wagonjwa wao. Mi mwenyewe niliwahi kumwambia mgonjwa "meza tu, inatuliza moyo kabla ya kisu," na nilisema kwa kujiamini kabisa.

Halafu ikawaje?

Halafu 2016 ikaja tafiti mbili ndani ya mwaka mmoja, na hizi hazikuwa za watu 40.

Ya kwanza inaitwa STICS, ilifanyika Beijing, hospitali ya Fuwai, ikiongozwa pamoja na watu wa Oxford. Wagonjwa 1,922, wamegawanywa kwa bahati nasibu, nusu rosuvastatini miligramu 20 kwa siku hadi nane kabla ya operesheni na siku tano baada, nusu kidonge kitupu, na mgonjwa hajui anameza nini, daktari naye hajui. Walifungwa kifaa cha kurekodi mapigo ya moyo siku tano mfululizo, sio yale ya nesi kushika mkono akisema uko sawa. Majibu: AF asilimia 21.1 kwa waliomeza statini, 20.5 kwa wasiomeza. Yaani hamna tofauti. Kuumia kwa msuli wa moyo, hamna tofauti. Halafu figo: waliopata figo kugoma siku zile mbili za mwanzo ni asilimia 24.7 kwenye statini dhidi ya 19.3 kwenye kidonge kitupu. Imeongeza, haijapunguza.

Ya pili ilifanyika Marekani, Chuo Kikuu cha Vanderbilt, wagonjwa 615, hawa walipewa atorvastatini: miligramu 80 siku moja kabla, 40 asubuhi ya operesheni, halafu 40 kila siku. Walitegemea italinda figo. Haikulinda, na ikasimamishwa kabla ya kufika mwisho. Kwa wale ambao hawakuwahi kumeza statini maishani, figo kugoma ilikuwa asilimia 21.6 dhidi ya 13.4, na wale wachache wa kundi hilo waliokuwa tayari na figo mbovu ndo walioumia kuliko wote. Idadi yao ilikuwa ndogo, 36 tu, kwa hiyo usiishike kama msahafu, ila mshale umeelekea kulekule kwa Wachina.

Baada ya hapo miongozo ikabadilika. Madaktari wa upasuaji wa moyo wa Ulaya 2017 waliandika wazi: asiyekuwa anameza statini asianzishiwe muda mfupi kabla ya operesheni kwa lengo la kumkinga na madhara ya operesheni, anayemeza aendelee.

Lakini hao ni Wachina, miili yao si tofauti na yetu?

Swali la maana, na kuna ukweli ndani yake. Watu wa Asia Mashariki rosuvastatini inapanda juu zaidi kwenye damu yao, karibu mara mbili ya Wazungu, ndo maana huko wanashauriwa kuanza na miligramu 5. Kwa hiyo miligramu 20 kwa Mchina ni dozi nzito kwelikweli. Ndo maana nimekuwekea na ule wa Marekani, watu wengine, statini nyingine, jibu la familia moja. Lingekuwa suala la Uchina peke yake, Vanderbilt wangepata kitu kizuri. Hawakupata.

Kwenye STICS inflamesheni ilishuka au haikushuka?

Ilishuka! Hili ndo linalonifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. CRP baada ya operesheni ilikuwa chini kwa waliomeza rosuvastatini, LDL pia. Dawa ilifanya kile ilichoahidi kwenye maabara, na mgonjwa kitandani hakupata faida yoyote.

Na sio statini peke yake. Steroidi ndo wafalme wa kuzima inflamesheni, hamna dawa inayoizidi, zikajaribiwa: Uholanzi walitoa deksamethasoni kwa utafiti wa watu 4,494, majibu 2012, halafu ukaja mwingine wa methilipredinisoloni, watu 7,507 kwenye nchi 18, 2015. Zote mbili hazikupunguza vifo na madhara makubwa kama walivyotarajia. Inaelekea ule moto una kazi yake, kidonda kinauhitaji ili kipone, na namba ya CRP kwenye karatasi ni moshi tu, ukipepea moshi ukaondoka haina maana umezima jiko.

Kwa hiyo mtu akikuuzia chochote kabla ya operesheni kwa maneno "inashusha inflamesheni," muulize: halafu? Mgonjwa anatoka ICU mapema? Figo zinapona? Anafika nyumbani?

Mzee wangu anameza atorvastatini mwaka wa tano, karatasi ya hospitali imeandikwa aache dawa zote kabla ya operesheni. Aache na hii?

Hapana, asiache bila kuuliza, na hili ndo swali lililonifanya niandike ukurasa huu.

Alikuja mama mmoja dukani na mfuko wa rambo, ndani dawa za mumewe, anataka kunirudishia boksi mbili za atorvastatini ambazo hazijafunguliwa, "maana wamesema aache zote, baadae ataanzishiwa zingine." Karatasi nikaiomba. Kweli imeandikwa kwa mkono, mstari mmoja: aache dawa zote siku saba. Hospitali siitaji. Nikampigia daktari wake mbele yake, daktari akashangaa, alimaanisha klopidogreli, maana hiyo inalainisha damu na kwa kawaida inaachwa siku tano kabla ili asivuje damu mezani. Aliyeandika karatasi alifupisha. Mzee alikuwa ameshaacha statini, ameacha aspirini, ameacha na dawa ya presha siku nne, presha imefika 190.

Dawa kabla ya operesheni ya moyo haziendi kwa fungu. Klopidogreli inaachwa. Aspirini kwa mtu wa baipasi, yaani anayepandikiziwa mshipa wa kupitisha damu pembeni ya mshipa wa moyo ulioziba, mara nyingi inaendelea. Metformini inasimamishwa siku ya operesheni, zile za sukari mpya kama empagliflozini na dapagliflozini siku tatu kabla, maana zinaweza kumletea asidi kwenye damu hata sukari ikiwa inasoma vizuri. Warfarini, nayo ya kulainisha damu, ina ratiba yake na mtu wa kukupima INR, kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda. Statini iko kwenye kundi la "endelea," kwa sababu anayeimeza ana mishipa yenye mafuta yaliyoganda ukutani, statini ndo inayoyashikilia yasipasuke, na kipindi cha operesheni ndo kipindi kibaya kuliko vyote cha kuiondoa.

Kwa hiyo ukiona neno "zote" kwenye karatasi ya hospitali, rudi nalo. Waambie wakuandikie moja moja kwa jina.

Asubuhi ya operesheni hairuhusiwi kula wala kunywa, statini anamezaje?

Kama ni mtu wa kumeza usiku, anameza usiku wake kama kawaida, basi. Kama ni wa asubuhi, wengi wanaruhusiwa kumeza na funda moja la maji, ila mwambie nesi wa wodi kwanza, usimeze kimyakimya chini ya shuka.

Mmoja akaniuliza kuhusu Ramadhani: atorvastatini na rosuvastatini zinakaa muda mrefu mwilini, unaweza kuzimeza wakati wa futari au daku, ilimradi iwe saa ileile. Simvastatini inaisha haraka, hiyo iwe usiku.

Mi sijawahi kumeza, daktari kaniandikia atorvastatini na operesheni ni wiki mbili zijazo. Nikatae?

Usikatae, muulize unaniandikia kwa ajili ya nini. Kama unaenda kwa baipasi maana yake mishipa ya moyo imeziba, na mtu wa hivyo anatakiwa kuwa kwenye statini maisha yake yote, operesheni iwepo isiwepo, alitakiwa aanzishiwe siku alipogundulika. Daktari akisema "nakuanzishia dawa ya mishipa yako, utaendelea nayo," huyo yuko sawa kabisa, na kama siku za operesheni zimekaribia sana mnaweza kukubaliana aanze kabla au baada, hasa kama kreatinini yako, kile kipimo cha figo, iko juu. Akisema "ya kupoza moto wa operesheni, ukitoka unaacha," hapo mwonyeshe kwa heshima kwamba umesikia kuna tafiti za 2016. Madaktari wazuri hawakasiriki. Wachache wanakasirika.

Na dozi kubwa ya ghafla siku moja kabla, kwa mtu ambaye hajawahi kumeza na figo zake sio nzuri, hiyo mi ningeiogopa.

Mdogo wangu ana miaka 19, vali imeharibika, anaenda kubadilishiwa. Naye ameze statini?

Hapana, kama hana sababu nyingine.

Hili ni muhimu kwetu, maana huku wengi wanaofanyiwa operesheni ya moyo sio wazee wenye mafuta kwenye mishipa. Ni watoto waliozaliwa na tundu kwenye moyo, na ni vijana ambao walipata mafindofindo utotoni yakaleta homa ya baridi yabisi ikala vali. Ukienda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, au Mulago Kampala, wodini utaona sura za shule. Kolesteroli sio kesi yao, na tafiti za statini hazikuwa za watu kama wao. Hata kwa wazee ambao vali kuu inakuwa ngumu kama chokaa, simvastatini pamoja na ezetimibu ilijaribiwa kwa watu 1,873, majibu 2008, vali iliendelea kukaza vilevile.

Mdogo wako anachohitaji ni sindano yake ya penisilini kila mwezi bila kukosa na kung'oa meno mabovu kabla ya operesheni. Pesa ya statini mnunulie nauli ya kliniki.

Nameza dawa nyingine, zinagombana na statini?

Zipo zinazogombana vibaya. Simvastatini na antibayotiki kama klarithromaisini au erithromaisini, hapana kabisa kwa pamoja. Simvastatini na amlodipini ya presha, usipite miligramu 20, na hii nakutana nayo kila siku, watu wako kwenye 40 na amlodipini 10 na hakuna aliyestuka. Anayetumia warfarini, kumbe vijana wengi wa vali za chuma ndo dawa yao, akianzishiwa simvastatini au rosuvastatini INR inaweza kupanda, apime mapema.

Walioko kwenye ARV: kidonge cha mara moja kwa siku chenye dolutegraviri hakina ugomvi na statini. Walioko mstari wa pili wenye ritonaviri, simvastatini wasiguse, kuna nyingine wanazoweza. Na wasiogope statini zenyewe, utafiti wa REPRIEVE wa 2023 uliwachukua watu 7,769 wanaoishi na VVU, Uganda wakiwemo, pitavastatini ikapunguza matatizo makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Dawa ya TB, rifampisini, inafanya kinyume, inaiunguza statini kabla haijafanya kazi.

Na balungi. Jamani balungi. Juisi yake inazuia utumbo kuvunja simvastatini, na atorvastatini kwa kiasi, dawa inapanda kwenye damu. Machungwa ya kawaida hayana neno.

Nasikia statini inakula misuli. Na mgonjwa wa moyo tayari ni dhaifu!

Inaweza, mara chache sana. Kulikuwa na moja, cerivastatini, iliondolewa sokoni 2001 kwa sababu ilivunja misuli ya watu hadi figo zikafa na wengine wakafa wenyewe. Sifa ile mbaya imebaki kwa ukoo mzima.

Ila maumivu ya kawaida, yale ya "tangu nianze nachoka miguu," kuna utafiti wa London wa 2020, SAMSON, watu 60 walioacha statini kwa sababu ya maudhi, wakapewa chupa za statini, za vidonge vitupu, na miezi mingine chupa haina kitu kabisa. Asilimia 90 ya maudhi waliyoyapata kwenye statini waliyapata pia kwenye kidonge kitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli, wasiambiwe wanaigiza, ila hayakutoka kwenye dawa. Dalili ya kukimbilia hospitali ni hii: misuli inauma sana mwili mzima, huwezi kunyanyuka kwenye kiti, na mkojo umekuwa rangi ya chai kavu.

Na mkipimwa CK, kipimo cha damu kinachoonyesha misuli imeumia, ikaonekana imezidi kidogo, msistuke, watu weusi kwa asili CK yetu iko juu ya ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya maabara.

Dawa za asili je, kitunguu swaumu, manjano, ule mchele mwekundu wa mtandaoni?

Mchele mwekundu wa Kichina ndani yake mna lovastatini yenyewe, ya asili, bila kipimo. Ukiumeza juu ya atorvastatini umemeza statini mbili. Kitunguu swaumu cha kwenye mchuzi hakina shida, ila vidonge vyake na maji yake ya kukamua vinalainisha damu, acha wiki moja au mbili kabla. Na mwambie daktari wa usingizi kila kitu, hata kama ni cha babu. Yeye hacheki, yeye anataka uamke.

Nina mimba na nina tatizo la moyo.

Kwa wengi statini inasimamishwa wakati wa mimba na kunyonyesha. Usijisimamishe kwa maneno yangu, nenda leo.

Baba ametoka salama, baipasi tatu. Sasa si ameshatengenezwa, statini ya nini tena?

Ametengenezewa njia ya pembeni, ugonjwa uko palepale. Ile mishipa waliyochukua mguuni wakaipandikiza moyoni haikuzaliwa kwa presha ya moyo, inaziba kwa urahisi kuliko ya asili, na tangu 1997 kuna utafiti wa watu 1,351 waliofanyiwa baipasi ulioonyesha walioshushwa LDL kwa nguvu, kwa lovastatini, mishipa yao ya kupandikizwa iliziba polepole kuliko wengine.

Kwa hiyo anarudishiwa statini mapema akishaanza kumeza, na kwa wengi ni dozi kubwa, atorvastatini 40 hadi 80 au rosuvastatini 20 hadi 40, figo zikiruhusu. LDL inayotafutwa kwa mtu kama yeye, kwa miongozo ya Ulaya, ni chini ya 1.4 mmol/L. Apime baada ya wiki nne mpaka nane. Angalia cheti cha kutoka wodini kabla hamjapanda gari, maana dawa ya kolesteroli ndo inayosahaulika kuandikwa, kila mtu pale anawaza kidonda na maumivu. Nimeona watu wanarudi baada ya mwaka, boksi la mwisho la statini ni lile la kabla ya operesheni.

Amesahau kumeza jana usiku, na operesheni ni kesho asubuhi!!

Tulia. Kwenye ule utafiti wa Vanderbilt waliokuwa wanameza siku zote, baadhi yao walisimamishwa siku ya operesheni na siku iliyofuata, na hawakuharibikiwa zaidi ya wenzao. Ameze ya leo kwa saa yake, moja, asimeze mbili kufidia. Mwambie nesi aandike.